Wageni wa Kaskazi: Kualika Nyumbani Lamu Bila Kuungua Jikoni

Kabla ya kufikiria samaki, tazama mwezi. Anayealika watu Lamu msimu wa upepo wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, hasa ikiwa baadhi yao watatoka kijiji cha Shela au kisiwa cha Manda kwa boti, huchagua siku kwa kufuata maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni na kupwa kabisa mnamo saa nne usiku. Mgeni wa boti atafika vizuri, miguu mikavu, lakini saa ya kuondoka ataikuta boti imesogezwa mbali na ukuta, na itambidi ateremke ngazi zilizoota mwani unaoteleza, gizani, ameshika bakuli la chakula alichofungiwa. Siku za maji mafu mambo ni kinyume: maji hujaa usiku, na hata yakipwa hayaendi mbali. Basi kama nusu ya wageni wako ni wa boti, alika mwezi ukiwa na siku nane au tisa. Kama wote ni wa mtaani, wa Mkomani na Langoni, alika usiku wa kumi na nne, kwa sababu dari nzima, yaani paa la kukalia, itakuwa na mwanga ambao hakuna aliyeulipia.

Halafu tazama upepo. Kaskazi ina tabia mbili. Disemba na Januari huvuma kwa nguvu, na jioni darini mtu anaweza hata kutaka shuka. Kuanzia mwisho wa Februari hulegea, unyevu unazidi, na mpaka kusi ianze mnamo Aprili kuna siku ambazo jani la mnazi halitikisiki. Karamu ya Januari na karamu ya Machi si karamu moja. Ya Januari inahitaji vitu vizito vya kushikilia mkeka na taa zenye kioo. Ya Machi inahitaji feni, barafu mara mbili zaidi, na chakula chepesi zaidi.

Joto la Lamu halimwoni mpishi kuwa shujaa. Mwenyeji anayetoka jikoni kila dakika tano na leso ya kufutia jasho hana wageni, ana wateja. Kwa hiyo kanuni ni moja: kazi yote ya moto iwe imekwisha kabla ya Alasiri, isipokuwa mchuzi wa kupaka, kahawa, na mioto miwili ya usiku: wa wali, ambao ukishapaliwa hujipika wenyewe, na wa samaki, ambao ni sehemu ya burudani. Kitu ambacho hakiwezi kupikwa asubuhi kikaliwa baridi, na si wali wala samaki, kiache. Mahamri ni matamu, lakini anayeyakaanga saa moja usiku mwezi wa Machi anajiadhibu.

Pa kukaa

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kuzuia jua, na mchana inafanya kazi hiyo vizuri mno. Tatizo ni usiku. Kuta za matumbawe, nene kama zilivyo, hunywa joto mchana kutwa na kulitema polepole baada ya jua kutua, ndiyo sababu msana na ndani, yaani vyumba vya kukaa na kulala, huwa na fukuto zaidi saa mbili usiku kuliko saa tisa mchana. Kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hupoa mapema kwa sababu kiko wazi juu. Dari hupoa mapema zaidi, lakini sakafu yake imeoka siku nzima, na ukitandika mkeka juu yake mara tu baada ya Maghrib, wageni watahisi joto likipanda kupitia miyaa.

Dawa yake ni maji. Baada ya Alasiri, jua likishaanza kulala, fagia dari, kisha mwaga ndoo tatu au nne za maji na uzisambaze kwa fagio. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Rudia mara moja kabla ya Maghrib ukitumia ndoo moja tu, kisha acha sakafu ikauke kabisa. Kosa la kawaida ni kumwaga maji kwa kuchelewa na kutandika pakiwa bado pana unyevu: mkeka unashika maji, unanuka, na asubuhi una madoa meusi. Usitumie maji ya bahari hata kama yako karibu, maana chumvi hula chokaa. Tandika jamvi chini, mkeka juu, kisha mito. Mito ya usufi inafaa kuliko ya sponji, kwa sababu sponji hushika joto la mwili na baada ya nusu saa mgeni anaanza kujigeuzageuza.

Kwa kila sinia moja ya chakula panga watu wanne au watano, na wape nafasi ya duara yenye upana wa mita mbili hivi. Wageni 12 wanahitaji masinia matatu, basi na nafasi tatu za namna hiyo, pamoja na njia ya kupita anayeleta vyakula. Dari ndogo isiyotosha masinia matatu isilazimishwe. Weka sinia moja kwenye daka (baraza ya mlangoni) au sabuleni (chumba cha wageni), mbili juu, na wageni wengi wataona ni jambo la kawaida, kwa kuwa hata hivyo nyumba nyingi huwakalisha wanaume upande wao na wanawake upande wao. Ukigawa hivyo, gawa vyombo vyote: birika mbili za kunawia, majagi mawili ya juisi, vyetezo viwili. Aibu kubwa ni upande mmoja kungoja jagi limalize safari kwa wengine.

Kuna mambo mawili ya darini ambayo watu husahau. La kwanza ni sitara. Dari yako inatazama kiwanda cha jirani, na jirani yako wa kike huenda amezoea kukaa pale bila ushungi. Mpelekee habari mchana kwamba jioni kutakuwa na watu, na upande huo simamisha ukuta wa makuti au ning'iniza leso (kanga) mbili nzito, ukizifunga juu na chini kwa sababu ya upepo. La pili ni ngazi. Ngazi za nyumba za zamani ni nyembamba na za kusimama wima, zingine zina vidato vya urefu usiolingana. Bibi wa miaka 70 atapanda kwa heshima yako na atashuka kwa mashaka. Akiwapo mzee mmoja asiyeweza ngazi, karamu yote ihamie kiwandani. Mpatie kiti chenye mgongo au kitanda cha kamba. Si kila mtu anaweza kuinuka kutoka mkekani.

Saa

Disemba jua la Lamu hutua mnamo saa kumi na mbili na robo, Februari huchelewa hadi saa kumi na mbili unusu na kidogo. Isha huingia zaidi ya saa moja baadaye. Ratiba inayokwenda yenyewe ni hii: wageni waje saa kumi na moja, wanywe kitu baridi na kutafuna vidogo vidogo, wasali Maghrib, samaki wawekwe motoni, na chakula kitoke mara baada ya Isha. Anayewaambia watu "njooni saa moja" amewaweka njiani wakati wa sala, na atawapokea mmoja mmoja mpaka saa tatu.

Ratiba hiyo ina gharama yake, nayo ni maji. Wageni 12 watatia udhu mara mbili. Kwa kopo, mtu hutumia lita tatu hivi kila mara, yaani zaidi ya lita 70 kabla hujahesabu choo, kunawa mikono na kuosha vyombo. Mji wa Lamu hutegemea maji matamu ya visima vya Shela, yanayochujwa na michanga ya vilima, na msimu wa kiangazi mfereji hauaminiki. Jaza pipa la lita 200 tangu jana yake. Tandika misala mahali patulivu na uonyeshe kibla kwa wageni wa mbali: Lamu ni kaskazini, kimeegemea magharibi kidogo tu.

Maji yaliyosimama huleta mbu, na mbu ndio wanaovunja karamu nyingi kuliko chakula kibaya. Mabirika ya zamani ya chooni yalifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na mwenye birika leo anaweza kufanya vivyo hivyo. Kama huna samaki, limwage na kulisugua mara moja kwa wiki, kwa sababu yai la mbu katika joto hili huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Usiku wenyewe, feni ya kusimama inayopuliza usawa wa magoti hufanya kazi kuliko moshi wowote, kwani mbu hawezi kuruka vizuri katika upepo. Udi si dawa ya mbu, na usifukizwe watu wakiwa wanakula. Una wakati wake.

Vinywaji na barafu

Hesabu lita moja na nusu ya vinywaji kwa kila mtu mzima, maji yakiwemo. Mgeni akifika, kabla ya chochote mpe maji. Mrashi wa maji ya waridi uliowekwa ndani ya friji tangu asubuhi, ukamnyunyizia viganjani, humpoza kuliko maneno ya karibu.

Juisi ya ukwaju ndiyo bora kwa kaskazi kwa sababu haiharibiki haraka. Loweka gramu 250 za ukwaju katika lita moja ya maji moto kwa dakika 20, ufikiche kwa mkono, uchuje, kisha uongeze lita mbili za maji baridi yaliyochemshwa, sukari gramu 250, kipande cha tangawizi kilichopondwa na chumvi kiasi cha ncha ya kijiko. Ionje ikiwa baridi, maana utamu hupungua ulimini kinywaji kikipoa. Isilale ndani ya sufuria ya alumini: ukali wake hula alumini na juisi inapata ladha ya sarafu. Tumia kioo, plastiki au chombo cha udongo.

Juisi ya embe ya ngowe au boribo haihitaji sukari yoyote, lakini haina subira. Saga saa moja kabla ya wageni, si asubuhi, kwa kuwa hubadilika rangi na kuwa nzito kama uji. Ndimu ina hila yake: watu wanaosaga ndimu nzima na ganda lake kwenye blenda hupata harufu nzuri kwa dakika chache, kisha uchungu. Kamua, chuja, basi. Na madafu yafunguliwe mbele ya mgeni. Dafu lililokatwa saa kumi na kuachwa nje huwa limeanza kuchachuka ifikapo Isha.

Barafu inayoyeyuka haraka ni ile ya vipande vidogo. Gandisha maji yaliyochemshwa katika mabakuli ya lita moja au mbili, siku mbili kabla, na uweke bonge zima ndani ya jagi au ndoo. Bonge kubwa lina uso mdogo unaoguswa na joto ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hudumu. Kwa wageni 12 weka kilo 4 za kunywa na kilo 6 za kupozea chupa na samaki, visivyochanganywa: barafu iliyolala na samaki hairudi katika glasi hata ikioshwa. Ukinunua sokoni, ichukue mwisho wa safari, uifunge kwa gunia lililowekwa pumba za mbao, na mwenye punda ajue kwamba hakuna kusimama njiani.

Vinavyotangulia

Hapa usijitese. Embe bichi lililokatwa vipande virefu na kuwekewa chumvi na pilipili ya unga, matango, kachri za mhogo (vibanzi vyembamba vilivyokaangwa vikakauka) za kununua, korosho, achari ya embe, tende. Viazi vya karai ni vya kuagiza kwa mama anayeuza jioni, vikaja vya moto na chatne yake ya ukwaju. Viazi vitatu kwa kila mtu vinatosha. Ukiweka zaidi, samaki atabaki.

Kitu kimoja tu cha kupika asubuhi kwa ajili ya saa hii ni pweza wa baridi, na anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Pweza hupatikana kwa wingi siku za bamvua, miamba inapokauka na wavuvi wakaweza kumfikia kwa miguu. Kama karamu ni ya maji mafu, mnunue wiki moja mapema umgandishe. Kugandisha si hasara: barafu huvunja nyuzi za nyama yake, ikafanya kazi ile ile ya kumpiga juu ya jiwe. Kilo mbili za pweza mbichi aliyesafishwa zitabaki kilo moja au pungufu baada ya kupikwa, na hizo ni za kuonja kwa watu 12. Muweke kwenye sufuria yenye maji nusu kikombe tu, bila chumvi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu. Baada ya dakika 45 choma sehemu nene ya mguu, karibu na kichwa, kwa ncha ya kisu: kikiingia bila kukwama, zima. Wengine huhitaji saa nzima. Moto mkubwa ndio unaomfanya awe mpira, kwa kuwa nyama hukaza kabla ya zile nyuzi ngumu kulainika. Muache apoe ndani ya maji yake, umkate vipande vya kidole kimoja, uweke frijini. Ndimu mbili, mafuta vijiko viwili, kitunguu kilichokatwa nyembamba, pilipili mbichi na kotmiri viingie nusu saa kabla ya kuandaa. Ndimu ikikaa mno, ngozi ya pweza huteleza na kubanduka.

Samaki wa kupaka

Nenda soko lililo kando ya Ngome mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa kuchoma mzima, chagua changu au tewa wa kilo moja hadi moja na robo. Samaki mkubwa zaidi huungua nje mbichi ndani. Mdogo hukauka kabla mchuzi haujashika. Nguru ni mtamu lakini vipande vyake hukauka motoni, mwache wa mchuzi. Tafi ana miba yenye sumu na nyama kidogo, si wa sinia la wageni. Tazama matamvua yawe mekundu, jicho lisizame, na tumbo likibonyezwa lirudi. Kwa watu 12 nunua samaki wanne hadi watano. Nusu hivi ya uzito ni kichwa, mifupa na vya ndani, kwa hiyo kila mtu atabakiwa na nyama gramu 170 hivi au zaidi. Mwambie anayekusafishia asiondoe kichwa wala mkia, na asipasue tumbo zaidi ya inavyohitajika, kwani samaki aliyepasuliwa hadi mkiani hufunguka juu ya wavu.

Mchanje mara tatu kila upande mpaka kisu kiguse mfupa. Paka chumvi, thomu (kitunguu saumu) punje sita na tangawizi ya kidole kimoja vilivyopondwa, pilipili mbichi na ndimu. Nusu saa tu. Watu huamini kwamba kulaza samaki kwenye ndimu tangu asubuhi humfanya akolee. Kinachotokea ni kwamba ukali wa ndimu hupika uso wake, nyama inakuwa ya unga, na ikigusana na wavu inabaki pale. Mpaka wakati wa kupaka, akae juu ya barafu, bila viungo.

Sasa tui. Hapa ndipo karamu nyingi huharibika, na ni kwa haraka tu. Nunua nazi nane: nne za mchuzi wa kupaka, tatu za wali, na moja ya dharura, maana daima kuna moja iliyooza. Tikisa usikie maji, na tazama macho yake yasiwe na ukungu. Zikune zote asubuhi kwenye mbuzi, uweke machicha yenye tui lake frijini, lakini usikamue mpaka baada ya Alasiri. Tui lililokamuliwa na kuachwa kwenye joto la nyuzi 30 huanza kuchachuka ndani ya saa chache. Kwa kasimile, yaani tui zito la kwanza, ya nazi nne, tumia vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, kamua kwa nguvu mara moja, chuja. Utapata vikombe vitatu hivi. Ongeza maji upate tui jepesi, liende kwenye wali.

Kasimile iingie sufuriani na nyanya mbili zilizokunwa, thomu, pilipili tatu, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja, na chumvi. Moto wa wastani, mwiko usitoke. Tui likichemka kwa fujo bila kukorogwa hukatika: mafuta yanakwenda upande wake na maji upande wake, na mchuzi unaonekana kama maziwa yaliyoganda. Likianza kufanya hivyo, epua haraka, ongeza kijiko cha tui lililobaki na upige kwa mwiko. Mara nyingi hurudi. Chemsha mpaka mchuzi ushike mgongo wa kijiko, dakika 15 hadi 20. Ukwaju mzito vijiko vitatu uingie baada ya kuepua, kwa sababu ukali ndio adui wa pili wa tui. Kazi hii yote ikamilike kabla ya Maghrib. Mchuzi unaweza kungoja, samaki hawezi.

Jiko lisiwe chini ya makuti. Hili halina mjadala, cheche moja inatosha, na mtaa wa Lamu hauna njia ya gari la zimamoto. Lisimame mahali palipo wazi, upande wa kusini magharibi wa wageni, ili kaskazi, inayotoka kaskazini mashariki, ipeleke moshi mbali nao. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Washa makaa dakika 40 kabla na ungoje yavae jivu jeupe. Kama unaweza kuweka kiganja juu ya wavu kwa kuhesabu hadi nne, moto umefika. Ukiondoa kwa moja, bado ni mkali. Wavu uwe wa moto na uliopakwa mafuta kabla samaki hajalala juu yake. Dakika saba au nane upande wa kwanza bila kumgusa. Ukijaribu kumgeuza akakataa, bado. Ngozi iliyoiva hujiachia yenyewe. Mgeuze, dakika sita, kisha anza kupaka mchuzi, ugeuze, upake tena, mara mbili au tatu, kila mara dakika moja tu. Anayepaka tangu mwanzo huchoma nazi badala ya samaki, na uchungu wake haufichiki. Bakisha kikombe na nusu cha mchuzi ambao brashi haijaingia, uwashwe moto na kumwagwa juu ya sinia.

Kwa watoto na wasiokula samaki, kilo moja ya nyama ya steki itatoa mishikaki 12 au 13 ya vipande vitano. Papai bichi lililokunwa kijiko kimoja kikubwa hulainisha kilo nzima, lakini lisizidi saa mbili, la sivyo nyama inakuwa uji.

Wali na sinia

Mchele kilo moja na robo. Chemsha tui jepesi na chumvi, weka mchele uliooshwa na kulowekwa dakika 20, na maji yakikaribia kukauka mimina kasimile ya nazi tatu, koroga mara moja, funika, palia makaa juu ya kifuniko na upunguze chini. Robo saa. Anayetia kasimile tangu mwanzo hupata ukoko mweusi chini na punje ngumu juu. Ukiupalia saa moja kamili, Isha itaukuta tayari na sufuria nzito itauweka moto mpaka watu wakae.

Kachumbari ikatwe mwisho. Kitunguu kifikichwe na chumvi na kuoshwa mapema ili ukali utoke, lakini nyanya na chumvi visikutane mpaka sinia linapanda ngazi, kwani chumvi huvuta maji yote nje. Panga wali katikati ya sinia, samaki juu, kachumbari kandokando, pilipili ya kusaga pembeni kwa anayeitaka. Birika na bakuli vipite kwa wageni kuanzia kwa mkubwa, maji yawe ya uvuguvugu. Ya baridi hayaondoi mafuta ya nazi.

Taa ziwe za betri au za jua, zilizochajiwa tangu jana, kwa kuwa stima hupotea usiku ambao kila nyumba imewasha feni. Karabai ina mwanga mzuri na joto lisilohitajika.

Wakishanawa, ndipo udi. Makaa mawili madogo kwenye chetezo, yaliyovaa jivu, na kipande cha udi kisichozidi ukucha. Moshi mzito humaanisha makaa ni makali. Kahawa tungu ichemke kwenye dele tangu watu wanapokula: maji lita moja, kahawa ya kusaga vijiko vitano, tangawizi iliyopondwa, iliki nne, dakika 15, kisha ikae dakika tano vumbi lishuke. Vikombe vidogo, halua pembeni. Usiweke sukari kwenye kahawa. Halua ipo kwa kazi hiyo.

Kinachobaki kigawanywe wageni wakiwa bado wamekaa. Wali wa nazi na samaki visikae nje zaidi ya saa mbili tangu viive au vitoke motoni, kwa kuwa wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka na huamka chakula kikiwa vuguvugu. Wako wa kesho utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uingie frijini. Ukiuacha ndani ya sufuria yenye kifuniko, katikati yake itakuwa bado na joto alfajiri. Na makaa ya jiko yamwagiwe maji taratibu, yageuzwe kwa kijiti, yamwagiwe tena, kisha jivu lilale ndani ya ndoo ya chuma hadi adhuhuri ya kesho kabla ya kwenda jalalani.